Usiache Kiti Kitupu

Jirani yetu mmoja, mwalimu wa hesabu, alikuwa na ugonjwa wa kupenda kufanya kila kitu kwa mikono yake. Bomba likivuja, haiti fundi. Mlango ukilia, ataung'oa mwenyewe, aulaze uani, apake mafuta bawaba huku akipiga mluzi. Alipohamia ile nyumba ya mawe na mkewe, hata mapazia hayajatundikwa, tayari alikuwa darini anavuta kebo za intaneti. Kuta zilikuwa nene mno. Intaneti ya hewani ilitoka vizuri kwenye rauta ya sebuleni, lakini ilifia koridoni. Basi akatambaza kebo moja ndefu juu ya dari, kutoka sebuleni, ikafuata korido yote, mpaka chumba chake cha kazi kule nyuma. Katikati ya korido, kando ya mlango wa chumba cha kulala, aliishusha ukutani akaweka tundu la kuchomekea, ili siku akinunua kompyuta ya pili asihangaike.

Alituita tukaone.

"Fundi angekula wiki nzima," alisema, mikono kiunoni. "Mimi Jumamosi moja tu."

Mtaani tukamwita Bwana Kebo. Jina alilipenda.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wazima kwa njia ya kompyuta, watu walioacha shule zamani na sasa wanataka cheti. Mkewe alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku. Alirudi alfajiri, akafanya kazi ndogondogo za nyumba, na mchana alilala usingizi wa mtu aliyezirai. Mtu wa tatu mle ndani alikuwa mama mkwe, mzazi wa mkewe. Huyo alikuja kukaa nao baada ya kufiwa na mumewe. Alikuwa msusi tangu usichana wake, na vidole vyake, hata uzeeni, havikujua kutulia. Utamkuta anasuka pindo za shali, anasuka mkanda wa begi, akikosa vyote anasuka hewa. Mtaa mzima ulimwita Mama Vitana. Mkwe wake alimheshimu kama inavyopasa. Akiingia sebuleni, yeye anasimama. Akitumwa, anakwenda. Katika kuishi kwao hawakuwahi kurushiana neno.

Mtandao ulianza kukatika msimu wa mitihani.

Haukukatika asubuhi wala jioni. Ulikatika alasiri. Yuko katikati ya mlinganyo, mara nyuso za wanafunzi zinaganda, midomo wazi. Baada ya muda unarudi wenyewe, kama mtu aliyetoka kujisaidia. "Subirini kidogo," anasema. Unakatika tena. "Subirini kidogo jamani." Siku moja mtandao uliporudi, wanafunzi hawakujua kwamba karudi, akamsikia mmoja akisema, "Huyu Mwalimu Subirini Kidogo keshatutoroka tena." Wakaangua kicheko. Watu wazima, wengine wakubwa kuliko yeye. Alijifanya hajasikia, akaendelea na mlinganyo, lakini masikio yalimwaka moto mpaka kulala.

Akaanza kutafuta tatizo. Alianza na yaliyo rahisi, kama fundi yeyote mwenye akili. Akazima rauta, akaiwasha. Akabadilisha ile kebo fupi ya mezani. Akahamisha plagi kutoka tundu moja la rauta kwenda jingine. Haikusaidia. Siku iliyofuata alibeba kompyuta hadi sebuleni, akaichomeka kwenye rauta moja kwa moja, akafundishia palepale kwenye kochi alasiri nzima. Haukukatika hata mara moja.

Basi tatizo halikuwa kwa kampuni ya intaneti. Halikuwa kwenye rauta, wala kwenye kompyuta. Lilikuwa kwenye kebo. Kebo aliyoivuta yeye, kazi aliyojipigia kifua mbele yetu sote.

Akanunua kipima kebo, kile chenye vichwa viwili. Unachomeka kimoja huku na kingine kule, vitaa vinawaka kwa zamu, kitaa kimoja kwa kila uzi ulio ndani ya kebo. Alipima asubuhi. Vyote viliwaka kwa mpangilio mzuri. Akasema ni panya. Akapanda darini na tochi. Hakukuta panya, wala kinyesi cha panya. Kebo ilikuwa imelala palepale alipoilaza, na vumbi limetanda juu yake, laini, halina alama hata ya mguu wa mende.

Alasiri yake mtandao ukakatika. Kwa hasira alikwenda sebuleni akachomoa kebo kwenye rauta, akaiacha inaning'inia pembeni ya meza, akarudi chumbani kwake kuchomoa upande wa pili, apime tena. Akainama nyuma ya kompyuta.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Hiyo taa, kwa asiyejua, haiwaki hivihivi. Inawaka pale tu kebo inapopata kitu cha kuiitikia upande wa pili. Upande wa pili ulikuwa sebuleni, unaning'inia hewani. Alirudi mbio kuangalia. Ulikuwa unaning'inia vilevile. Akarudi chumbani. Taa inapepesa. Taratibu. Inapepesa, inatulia, inapepesa, kama mtu anayepumua usingizini.

Alijiambia kompyuta imechoka. Mtu akiogopa, uongo wowote unamtosha.

Lakini katika kwenda na kurudi kule, kuna kitu kingine alikiona, na hicho ndicho kilichomwingia kichwani kikakaa. Koridoni, chini ya lile tundu la ukutani, Mama Vitana alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha mbao. Ameegemeza kichwa ukutani. Vidole vinacheza. Midomo inatembea bila sauti.

Kesho yake akamchunguza. Asubuhi mama alikuwa uani, na mtandao ukawa mzima. Alasiri alibeba kiti chake polepole mpaka koridoni, akaketi, na hazikupita dakika nyingi mtandao ukaanza kufa. Alipoinuka na kiti chake, mtandao ukafufuka. Kesho kutwa ikawa vilevile.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amefundisha miaka mingi kwamba mambo mawili yakitokea pamoja, usikimbilie kusema hili ndilo limezaa lile. Kwa wanafunzi wake aliurudia msemo huo mpaka wakaukariri. Nyumbani kwake aliusahau.

Siku ambayo mkuu wa idara wa chuo chake na wenzake walipanga kuja kwenye darasa lake, kumsikiliza na kuamua kama ataendelea na kazi, aliamka mapema abadilishe kichwa cha kebo pale kwenye tundu la koridoni. Alifungua kifuniko, akavuta kebo, akakata ncha, akachuna ganda la nje ili apange nyuzi upya.

Ndani ya kebo ya aina ile nyuzi huwa zimeviringishwa mbilimbili. Ndivyo zinavyotoka kiwandani. Hizi hazikuwa mbilimbili. Zilikuwa zimesukwa. Msuko mwembamba, uliobana, mzuri, kama nywele za mtoto anayekwenda kupigwa picha. Akachuna zaidi. Msuko unaendelea. Akachuna tena. Unaendelea. Ganda la nje halikuwa na mkato wala tundu la sindano. Na katikati ya zile rangi, buluu na kijani na kahawia na chungwa, kulikuwa na unywele mmoja mrefu, mweupe, uliosukwa pamoja nazo.

Alikikata kipande kile akakitia mfukoni. Akaunga kebo, akafunga kifuniko. Hakumwambia mkewe. Alikunywa chai iliyomiminwa na mama mkwe akaiona inanuka, ingawa haikunuka chochote.

Alasiri darasa lilianza vizuri. Mkuu wa idara, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alimsalimia. Wenzake wakawasha kamera zao. Wanafunzi walikuwa wametulia kama watu walio msibani. Mwalimu akaandika swali la kwanza. Kisha akasikia, kule koridoni, kiti cha mbao kikiburutwa.

Nyuso zikaganda.

Alisubiri. Alichomoa, akachomeka. Hakuna. Jasho likamteremka mgongoni. Aliwaona kwa macho ya moyo wakiangaliana, mkuu akitazama saa yake, yule mwanafunzi akitafuta utani mpya. Mkono wake ukaingia mfukoni, ukakigusa kile kipande. Akainuka. Aliuacha mlango wa chumba wazi.

"Mama!"

Mama Vitana alifungua macho. Akaweka kidole mdomoni. "Baba, punguza sauti. Mwenzio amelala."

"Hii nini?" Akamtupia kile kipande mapajani. "Nakuuliza, hii nini?"

Mama akakiokota. Akakitazama. "Umeitoa wapi?"

"Unaniuliza mimi? Mimi nakulisha, nakulaza, unakaa hapa kila siku unaniroga! Umemmaliza mumeo, sasa umekuja kunimaliza na mimi! Mchawi wewe! Mchawi mkubwa!"

Neno likitoka halirudi. Lilitoka, likaigonga korido, likarudi masikioni mwake mwenyewe, na palepale alijua amelisema kwa nani. Mama mzaa mke. Mtu ambaye hata kumtazama usoni sana alikuwa anaona haya.

Mama hakulia. Alijifunga shali yake, akakishika kiti kwa mgongo, akakigeuza kikatazama vizuri lile tundu la ukutani.

"Nimesikia," alisema kwa sauti ya chini. "Nitaondoka. Ila nikiondoka, usiache kiti hiki kitupu. Alasiri mtu akae hapa. Tafadhali, baba."

"Ondoka nacho hicho kiti chako!"

Mlango wa chumba cha kulala ulikuwa umefunguka. Mkewe alisimama pale na gauni lake la kulalia, macho mekundu, mkono umeshika mwimo wa mlango. Alikuwa amesikia yote. Alimpita mumewe kama mtu anavyopita nguzo, akamshika mama yake mkono.

Mwalimu alirudi chumbani kwake kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda. Kwenye skrini nyuso zote zilikuwa palepale, zimetulia, zinamtazama. Mwanamke mmoja ameziba mdomo kwa kiganja. Alifikiri picha bado imeganda.

Kisha mmoja akapepesa macho.

Mtandao ulikuwa umerudi. Ulirudi zamani. Walikuwa wamesikia kila neno.

Walianza kutoka mmoja mmoja, nyuso zikizimika kama taa za nyumba ya wageni, mpaka akabaki mkuu wa idara peke yake. "Pumzika, mwalimu," alisema. "Tutazungumza." Naye akazima.

Mama Vitana aliondoka jioni ile na begi moja, akaenda kwa mwanawe wa kiume, mtaa wa pili. Kiti alikiacha. Mke wa mwalimu alimsindikiza, akarudi kuchukua sare yake, akaenda zamu. Chakula alikipika kama kawaida, akamfunikia mumewe. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Asubuhi alijikaza akampigia mkuu wake simu kuomba radhi. Alibabaika, akasema uchovu, akasema shetani alimpitia. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si wa kukuhukumu," alisema. "Ila mwalimu, samahani, nikuulize. Yule mwenzio ulimwita akae hapo ili iweje? Jambo la aibu namna ile, unaweka na mtu wa kushangilia?"

"Mwenzangu yupi, mkuu?"

"Yule aliyekuwa anacheka. Wewe unamtukana mama wa watu, yeye anacheka karibu kabisa na kinasa sauti. Wote tulimsikia."

Simu ilikatwa upande wa pili.

Mkewe alikuwa amerudi alfajiri, na mchana ule akaoga, akalala. Hakufunga mlango kwa ufunguo, aliurudishia tu. Alikuwa amefumua nywele zake, zimetapakaa juu ya mto. Mwalimu aliziona alipopita. Alitamani kuingia apige magoti kando ya kitanda, lakini miguu ilimwambia huna uso huo. Akapita.

Hakuwa na darasa la kufundisha. Walikuwa wamempa mtu mwingine. Hata hivyo aliwasha kompyuta, akaitega iwe inaipigia rauta hodi kila sekunde na kuandika kila inapoitikiwa. Mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, mmoja baada ya mwingine. Hodi, karibu. Hodi, karibu. Na hapa ndipo aibu yake ilipofika chini kabisa, maana baadaye alikiri mwenyewe kwamba alikuwa anaomba mistari ile isikatike. Aliomba mtandao uwe mzima alasiri nzima, ili iwe kweli ni yule mama, ili tusi lake lipate pa kusimama.

Jua likageuka. Korido ilikuwa kimya. Kiti kilikuwa kitupu.

Mistari ikakatika.

Laiti ardhi ingepasuka. Mama wa watu hakuwa akikileta hicho kitu. Alikuwa anakisikia kinapokuja, ndipo anabeba kiti chake na kwenda kukikalia njiani. Na yeye alikuwa amemfukuza.

Akakumbuka ana kifaa kingine cha kutafutia waya. Upande mmoja unauchomeka kwenye kebo, unapeleka mlio. Upande wa pili ni kama kalamu nene. Unaipitisha ukutani, na kila ikikaribia waya inalia. Akachomeka. Akatoka koridoni na ile kalamu mkononi.

Ililia kwenye tundu. Sawa. Kebo ipo pale.

Akaishusha chini ya tundu, mahali ambapo hakuna waya. Ikalia.

Akaisogeza kulia. Ikalia zaidi. Ukuta mtupu, hakuvuta kitu pale, mikono yake ndiyo iliyovuta kila kebo. Ikalia. Akasogea. Mlio ukasogea. Akasimama. Mlio haukusimama. Ulikuwa unapungua, unakwenda mbele yake, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayepapasa ukuta gizani.

Ulikwenda kwenye mlango wa chumba cha kulala.

Akasukuma mlango. Mchana mweupe, pazia jepesi, jua limelala sakafuni. Mkewe amelala ubavu, amempa mgongo. Akanyoosha kalamu kuelekea ukutani. Kimya. Kabatini. Kimya. Kitandani.

Ililia.

Miguuni, kidogo. Kiunoni, zaidi. Begani, zaidi. Kichwani ikapiga ukelele mmoja mrefu, akaizima kwa kidole gumba, na mkono wake ukabaki hewani.

Nywele alizoziona zimetapakaa zilikuwa zimesukwa. Upande mmoja wote, kuanzia kisogoni mpaka juu ya sikio. Misuko myembamba. Iliyobana. Mizuri. Ilikuwa imebana kiasi kwamba ngozi ya uso ilivutika na jicho moja limefunguka kidogo, jeupe.

"Mke wangu."

Hakuamka.

"Mke wangu, amka."

Akamtikisa. Baridi. Anapumua, lakini kwa mbali. Na upande wa nywele uliobaki, mbele ya macho yake, kishungi kimoja kikajitenga na vingine. Kikagawanyika mafungu matatu.

Alikimbilia simu. Vidole vilikosea mara ngapi hajui. Mama Vitana akapokea.

"Mama," alinong'ona. "Mama, inamsuka."

Akasikia pumzi upande wa pili.

"Nilikwambia kiti."

"Nisamehe. Mama, nisamehe, njoo."

"Nyumba ile nimefukuzwa. Ila mtoto ni wangu." Akasikia mama akimwita mwanawe alete gari. Kisha sauti ikarudi, chini kabisa. "Usimguse. Kakae kwenye kiti. Ongea nayo. Ikisikizwa na kusemeshwa huwa inaacha kazi ya mikono. Usinyamaze mpaka nifike."

"Niongee nini?"

Lakini mama alikuwa amekata.

Akaketi. Mbao za kiti zilikuwa za moto, kama ameinuka mtu sasa hivi. Akaegemeza kichwa ukutani kama alivyomwona mama akifanya. Mwalimu wa miaka yote ile, mtu wa maneno, alifungua mdomo na maneno hayakuja. Yaliyotoka ni yale ambayo ulimi uliyazoea.

"Subiri," alisema. "Subiri kidogo. Subiri kidogo. Tafadhali, subiri kidogo."

Ndani ya ukuta kitu kikaacha kusugua. Mpaka kilipoacha ndipo alipojua kilikuwa kinasugua. Kikasogea. Kikasimama usawa wa sikio lake.

Kikamjibu kwa sauti yake yeye.

"Mama," kilisema. "Mimi nakulisha. Nakulaza."

Akafumba macho.

"Mchawi wewe," kilisema ukutani, polepole, kama mtu anayeonja tunda. "Mchawi mkubwa. Umemmaliza mumeo." Kikacheka. Kikaanza upya. Kila pumzi aliyoivuta jana koridoni ilikuwa mle, kila mkwaruzo wa koo. Alitaka kuziba masikio lakini aliogopa kikiona hakisikilizwi kitarudi kitandani. Basi akasikiliza. Alilisikia tusi lake tangu mwanzo mpaka mwisho, kisha tangu mwanzo tena. Alilia kama mtoto, huku akisema ndiyo, ni mimi, ndiyo, nilisema, subiri kidogo, ni mimi niliyesema.

Hivyo ndivyo Mama Vitana alivyomkuta. Mwanawe wa kiume alibaki mlangoni, hakutaka kuvuka kizingiti. Mama alimpita mkwe wake bila kumtazama, akaingia chumbani, akarudishia mlango.

Mwalimu alimsikia akizungumza. Sauti ile ya wasusi, ya kumbembeleza mtu aliyechoka kukaa. Geuza kichwa. Hivyo. Tulia, namalizia. Mara palikuwa na sauti mbili. Mara palikuwa na mvutano, kama kamba inayokazwa, na mama akaguna mara moja, kwa maumivu. Ukuta nyuma ya kichwa cha mwalimu ukatetemeka.

Kisha mkewe akakohoa. Akaita, "Mama?"

Walitoka wameshikana. Nywele za mkewe zilikuwa zimefumuliwa zote, zimesimama. Mama alikuwa ameuviringisha mkono wake wa kulia ndani ya shali.

"Tunakwenda," mama alisema, akitazama sakafu. "Na wewe kama unakuja, njoo. Usibebe kitu."

Akaenda. Hakubeba hata viatu vingine. Nyumba ile ipo mpaka leo, na aliyeinunua baadaye ameigeuza ghala la magunia, hakai mtu ndani yake.

Wanaishi vyumba viwili sasa, mtaa mwingine, wote watatu. Chuo hakikumwita tena. Anafundisha kwa chaki katika shule ya jioni, na ukimuuliza habari za kompyuta anageuza maneno. Aliomba radhi rasmi, mbele ya shemeji zake na wajomba, ameketi chini, na ilibidi aseme kwa kinywa chake mbele ya wote ni neno gani alilomwita mama yao. Wajomba walitazama pembeni. Mama Vitana alisema, "Yamekwisha, baba." Mkewe naye akaanza kuzungumza naye tena, siku baada ya siku, mambo ya chumvi na mkaa kwanza, kisha mengine.

Lakini mama havui tena shali. Hata jua likiwaka. Na hasuki tena, si nywele za mtu wala pindo. Anapompa mkwe wake kikombe cha chai hutumia mkono wa kushoto, na wa kulia huuacha ndani ya nguo.

Mwalimu aliuona mkono huo mara moja tu mwezi ule wa kwanza, shali ilipoteleza. Kuanzia ncha za vidole mpaka kwenye kifundo cha mkono kulikuwa na mistari myembamba, imezama ndani ya nyama, imepishana, imebanwa vizuri. Buluu. Kijani. Kahawia. Chungwa. Alidhani ni makovu, yatafifia.

Juzi aliuona tena. Mama alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Mistari haijafifia. Imepita kiwiko.

Alisimama pale mlangoni muda mrefu na kikombe kitupu mkononi. Alitaka kumwamsha amuulize inauma, na itaishia wapi, na walikubaliana nini mle chumbani. Hakuwa na uso wa kuuliza. Alirudisha shali taratibu, akamfunika, akatoka akinyata.